Hewa ya Lori la Harusi

Paipu ya rejeta ilipasuka katikati ya milima yenye baridi ya Benguet, lori likiwa limebeba nguruwe wa harusi ya binti wa dereva, Saleng. Kufunga paipu nyingine hakukumpa taabu. Taabu ilikuwa mama mkwe wake, Bi Tumbaga, aliyekaa mbele. Kwao, chombo kikikwama kikienda harusini, wazee huuliza kama njia imekataa. Mwenye kujibu alikuwa Bi Tumbaga.

"Likichemka tena, tunageuza," alisema. "Harusi itangoja mavuno mengine."

Saleng aliumia. Bwana harusi alikuwa baharia, na meli haingoji mavuno.

Injini ilipopoa, Saleng aliegesha lori pua juu ili hewa ipande mdomoni mwa rejeta, akamimina maji ya dumu polepole, akawasha injini mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache, basi. Nusu ya dumu ilibaki bila pa kuingia, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Akazima haraka.

"Limeshiba," alisema shemeji yake, Bantas. "Ukoo wetu hauna mnywaji anayeacha nusu ya dumu!"

Saleng alicheka, lakini udadisi ulishamshika. Maji yaliyomwagika yalikuwa mengi. Sasa nafasi yake kaikalia nani? Akapapasa mipira ya maji, mmoja mmoja. Wa juu, moto. Miwili myembamba inayoingia kabini, baridi kabisa.

"Hii inakwenda wapi?"

"Kwenye hita ya kupasha kabini joto," alijibu Bantas. "Si lilitoka Japani, kwenye theluji?"

Mafundi wa bandarini, waliozoea joto la pwani, walipohamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto, waliziba njia ya hita na kupigilia ubao juu ya kishikio cha kufungulia maji yake. Nani angetaka joto? Saleng akabandua ubao, akasukuma kishikio mpaka kikalegea, akawasha tena.

Rejeta ikabweua. Mapovu ya hewa iliyokwama kwenye hita yakatoka kwa fujo, maji yakazama, naye akamimina mpaka dumu likakauka. Mshale ukatulia.

Alipofungua mlango, Bi Tumbaga alikuwa amenyoosha magoti kwenye tundu la upepo wa moto.

"Huu moto ulikuwemo siku zote?"

"Ulikuwemo, mama."

"Na mimi nikitetemeka kwa baridi humu tangu binti yako akiwa mgongoni!"

Saleng akauliza: "Na njia, mama? Imekataa?"

"Njia ina kosa gani? Endesha, baharia anangoja. Na ukithubutu kuziba tundu hili, nakurudisha kwa mama yako."