Gome Lililolowekwa kwa Maji

Cicily alisema uongo mmoja tu mwaka ule, lakini aliusema mbele ya mchungaji, ukaandikwa kwa kalamu ya wino na shahidi akatia sahihi. Uongo wa aina hiyo ni mzigo. Ule wa kawaida husahaulika baada ya chai, huu una karatasi yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sebuleni kwake, kule mlimani juu ya Nkubu, Meru. Mjukuu wake Kathambi, binti wa mwanawe Nkirote, alikuwa amekuja kutoka Embu anakosomea shahada ya pili, amebeba kisu, mifuko ya karatasi na fomu. Alitaka gome la mwiria, ule mti mkubwa ulio nyuma ya zizi. Cicily alikuwa akiutengenezea dawa tangu kabla Kathambi hajazaliwa: kikombe kidogo kwa koo na kifua, na nyingine ya kuoshea vidonda vilivyokataa kupona. Watu waliifuata hata kutoka Kinoru. Sasa Kathambi alitaka kuipima maabarani, ijulikane wazi kama inaua vijidudu au ni maneno ya watu tu.

"Shosho, sasa hapa wanauliza, hiyo gome unaloweka na nini?"

Cicily alifungua kinywa. Kwenye kochi la pili alikuwa ameketi Mchungaji Kithaka, aliyekuja kupanga mkutano wa chama cha akina mama. Mwenyekiti wa chama hicho ni Cicily, na kazi yake kubwa, kila mwaka, ni kupiga vita pombe. Kinywa kikajifunga, kisha kikafunguka tena.

"Maji," akasema. "Maji safi ya mto."

Kathambi akaandika. Fomu ilihitaji shahidi, na mchungaji, mtu wa watu, akatia sahihi yake huku akitabasamu.

Ukweli ni kwamba gome lile halikuwahi kulowekwa kwa maji yoyote. Cicily alikuwa akilitia siku nne ndani ya muratina, pombe ya asali aliyoitengeneza mwenyewe kwenye ghala la mahindi, mlango umefungwa kwa ndani, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ili mpita njia asiwaze mengine. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha hivyo. Cicily alipookoka, mwaka ule wa mvua za El Nino, alijaribu maji kwa miezi mitatu. Wagonjwa walirudi vilevile walivyoondoka. Akarudia muratina kimyakimya, akiomba msamaha kwa Mungu kila chupa ilipojaa.

Na mchungaji alikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ilikuwa mume wake, Gitobu. Enzi zake hakuna aliyemfikia kwa muratina. Harusi haikuitwa harusi kama kibuyu chake hakikufika. Lakini mkewe alipookoka, Gitobu alivipasua vibuyu vyake vyote kwa mkono wake, si kwa sababu naye alikuwa ameokoka, bali kwa kumpenda. Tangu siku hiyo yeye ni chai. Miaka ishirini na saba ya chai, na mke anatengeneza pombe hatua thelathini kutoka kitandani!

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, Kathambi alipiga simu. Sauti ilikuwa imemnyong'onyea.

"Shosho, hakuna kitu. Ziro."

Akamweleza. Wao hupanda vijidudu kwenye visahani, kisha huweka katikati kikaratasi cha duara kilichochovywa dawa. Dawa ikiwa na nguvu, pembeni ya kikaratasi panabaki peupe, vijidudu haviwezi kusogea hapo. Cha mwiria hakikubaki na peupe popote. Vijidudu vilikuwa vimemea mpaka juu ya karatasi yenyewe.

"Daktari Njagi, msimamizi wangu, amesema nikifika Jumatatu bila kitu mpya, mwiria natoa kwa risachi, naanza na mti ingine. Mwaka mzima ya kuandaa hii risachi imeenda, Shosho." Akavuta kamasi. "Halafu amesema labda hao watu walikuwa wanapona tu wenyewe."

Cicily akakaa kwenye gunia la mbolea lililokuwa karibu. Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote. Kama daktari anasema kweli, basi amemkosea Mungu na mumewe miaka ishirini na saba bure. Kama hasemi kweli, kinywa cha pekee kinachoweza kumrekebisha ni hiki chake. Aliogopa, tena sana, na alijionea haya kwa kuogopa huku mtoto akilia kwenye simu.

"Njoo kesho," akasema. "Kuja na fomu ingine."

"Ya nini?"

"Wewe kuja tu."

Akaenda moja kwa moja nyuma ya zizi. Gitobu alikuwa akiwakatia ng'ombe majani ya nepia kwa panga.

"Baba Nkirote, niko na neno. Usinikatize, nikikatizwa sitarudi tena." Akayamwaga yote: ghala, nyimbo, asali, siku nne, fomu. Alipomaliza alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Gitobu aliweka panga chini taratibu. Mabega yakaanza kutikisika. Cicily alidhani analia, akamwendea, kumbe mzee anacheka mpaka amejishika mbavu.

"Mama Nkirote, mimi nimetengeneza hiyo kitu miaka ishirini. Wewe unafikiri pua yangu iliokoka?"

"Ulijua?"

"Kwani mimi hukohoa kila Disemba mpaka unipe kikombe kwa nini? Hiyo baridi inashika mimi peke yangu?"

Cicily alimpiga kwa konzi la nepia, kisha akaanza kucheka naye. Wakacheka mpaka ng'ombe wakaacha kula. Alikuwa amemficha mumewe miaka yote hiyo, na mumewe miaka yote hiyo alikuwa akimwacha afiche. Alimpenda siku hiyo kama msichana.

Kathambi alifika Ijumaa mapema. Aliposikia neno muratina, alipiga kelele kuku wakatawanyika.

"Shosho! Pombe ndiyo inatoa dawa kwa gome! Ile kitu iko ndani haitoki na maji, inataka alkoholi. Mimi nilifuata fomu, fomu ikasema maji!"

Kwa bahati kulikuwa na chupa iliyotimiza siku nne jana yake. Kathambi alichukua hiyo, na nyingine ya muratina tupu isiyo na gome, maana daktari angeuliza kama pombe yenyewe ndiyo iliyoua. Lakini fomu mpya ilitaka shahidi yuleyule. Hapo kicheko cha Cicily kikaisha.

Walimkuta Mchungaji Kithaka nje ya kanisa akipanga viti. Cicily hakuzunguka. Aliinua chupa na kusema kilichomo.

"Kama ni kuniondoa uenyekiti, niondoe leo," akamaliza. "Lakini weka sahihi kwanza, mtoto achukue gari."

Mchungaji aliitazama chupa. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu kichwani na hesabu inamkataa.

"Mama mwenyekiti. Ile chupa unaniletea kila Pasaka, sauti yangu ikipotea..."

"Ni hiyo hiyo."

"Vijiko viwili kabla ya ibada."

"Wewe ulikuwa unakunywa nne. Mimi ndiyo nilikuwa naosha chupa."

Mchungaji akakaa kwenye kiti alichokuwa amekishika. "Na nilihubiri hivyo?"

"Ulihubiri vizuri sana," Cicily akasema, na alisema kweli. "Mwaka jana watu kumi na moja waliokoka."

Kathambi aligeukia ukuta, mkono mdomoni. Mchungaji alijaribu kukaza uso, akashindwa, kicheko kikamtoka kwa sauti ileile ya mimbarini. Akachukua kalamu. Aliandika muratina kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa, akatia sahihi. Uenyekiti, akasema, abaki nao. Ila kwenye mkutano wa mwaka huu wa kupiga vita pombe, awaonee watu huruma kidogo.

Jumatatu Cicily alikwenda Embu mwenyewe. Hakuweza kungoja simu. Kathambi alimvika koti jeupe lililomfika vifundoni, akampeleka kwenye meza ndefu alikokuwa amesimama Daktari Njagi, mwanamume mwembamba asiye na maneno mengi. Visahani vitatu vilikuwa vimepangwa.

Cha gome na maji kilikuwa kimejaa vijidudu. Cha muratina tupu kilikuwa kimejaa vilevile. Cha tatu kilikuwa na kikaratasi katikati, na kukizunguka pande zote palikuwa peupe pe, pana, pamefagiliwa. Kathambi aliweka rula.

"Milimita kumi na tisa!"

Daktari Njagi alipima mwenyewe, akapima tena. "Nilisema walikuwa wanapona wenyewe," akamwambia Cicily. "Mama, nisamehe. Kazi bado ni ndefu, lakini huu mti unabaki."

Cicily alitaka kujibu kwa heshima, machozi yakamtangulia. Aliwakumbuka wagonjwa wake mmoja mmoja, waliolala kitandani pake, waliokuja na vidonda vinavyonuka, waliorudi na kuku wa shukrani. Walipona kweli. Hakuwadanganya. Aliimba pale pale, wimbo uleule wa ghalani, ila sasa mlango ulikuwa wazi na wanafunzi wawili walikuwa wakimpigia makofi.

Kisha akampigia Gitobu.

"Baba Nkirote, dawa imefanya! Kumi na tisa!"

"Asifiwe Mungu. Na muratina peke yake, ilifanya ngapi?"

"Hiyo haikufanya kitu. Vijidudu vilinawiri tu."

Gitobu alikuwa akilifikiria jambo hilo kwa makini, mtu wa kazi yake.

"Waambie wajaribu na vijidudu vya Meru," akasema. "Hivyo vya Embu havijui kunywa."