Mabano ya Flavia

Saa ya ukutani katika kibanda cha Kiden, pale New Site, pembezoni mwa Juba, ilikuwa mbele kwa saa nzima, na ole wake aliyejaribu kuirekebisha. Wateja waliokuja kutoa kopi au kuchapisha barua za kuomba kazi waliitazama, wakaruka kwa kudhani wamechelewa, kisha wakatoa simu zao na kumwangalia mwenye kibanda kwa jicho la kutomwelewa. Kiden aliendelea na kopi zake. Saa ile ilikuwa ya Uganda. Ilimwambia Kiden kwamba binti yake Flavia, aliyeko Arua, amefika wapi na siku yake: sasa yuko darasani, sasa anakula, sasa anarudi nyumbani na mkoba mgongoni. Saa ya Juba aliijua bila kutazama popote, kwa namna mabati yalivyokuwa yakimchoma kichwa.

"Mama Flavia, hii saa yako iko nadanganya watu," alimtania Norman, fundi wa simu wa kibanda cha pili, Mganda mwenye mdomo usiopumzika.

"Mwenye anataka saa ya Juba, aende Juba mjini," Kiden alimjibu.

Alikuwa amemlea Flavia Arua, miaka ile ya ukimbizini, katika chumba cha kupanga nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Eseza. Kisha baba yake Kiden akafariki na kumwachia kiwanja New Site. Kiwanja New Site ukikiacha kitupu, ukirudi unakuta kina ua, kina mbwa, na kina mwenyewe mpya anayekuuliza wewe unatafuta nani. Basi Kiden akaja kukikalia. Akajenga kibanda mbele, akalala nyuma, akaweka mashine ya kopi na paneli ya sola. Flavia alibaki kwa Eseza kwa sababu ya shule. Kidogo tu, mama yake alimwambia, mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia, na mtoto sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kwenye simu hawakuwa na maneno. Jumapili Eseza alimpa Flavia simu, na Kiden akauliza habari za shule. Nzuri. Za kula? Nzuri. Unahitaji nini, mama? Hakuna. Kisha Kiden akawa anasikiliza kuku wa Eseza wakilia uani hadi simu inakatwa. Baada ya simu hizo alikuwa na uchungu wa kifua ambao hakuna dawa ya duka iliyoufaa.

Milinganyo ndiyo iliyowapatanisha. Flavia aliandika ujumbe siku moja kwamba hesabu za kutafuta x zinamshinda, na Kiden, ambaye alisomea kompyuta Arua na kujivunia cheti chake kupita kiasi, akafungua jedwali kwenye mtandao ambalo wote wawili waliweza kuliandikia kwa wakati mmoja. Akamwonyesha. Chukua 3x + 7 = 19. Tatu inakaa safu ya A, saba safu ya B, kumi na tisa safu ya C. Kwenye D unaandika fomula: =(C2-B2)/A2. Yaani ondoa saba kwanza, ndipo ugawe kwa tatu. Jedwali linajibu 4. Halafu usiliamini tu; kwenye safu ya E lirudishe jibu lako kwenye mlinganyo, =A2*D2+B2, na kama ni la kweli utaiona kumi na tisa yako imerudi nyumbani.

Tangu hapo, kila siku mtoto alipotoka shule na Eseza akampa simu, walikutana humo. Flavia alipoingia, kisanduku alichokigusa kilizungukwa na mstari wa kijani. Kiden aliutazama mstari ule ukitembea, A3, B3, C3, na kujua kwamba kuna dole gumba lake mwenyewe, alilolizaa, liko juu ya kioo huko Arua. Wakati mwingine aliuleta mstari wake wa zambarau ukakaa kando ya ule wa kijani, bila kazi yoyote, akatulia hivyo.

Taabu ilikuwa mabano. Flavia aliyasahau. Leo anaandika =C2-B2/A2, kesho vilevile, wiki ijayo vilevile, na kompyuta, ambayo haina huruma wala akili ya kukisia, inaanza kwa kugawa saba kwa tatu, inatoa jibu la kumi na sita na vipande vyake, na pale ilipotakiwa kurudi 19 inasimama 57. Kiden alieleza kwa maneno. Alieleza kwa rangi. Akaeleza kwa mfano wa mtu anayevua viatu kabla ya soksi.

"Aaa, nimesahau tena," Flavia aliandika kwenye kisanduku cha pembeni. "Eleza tena, mama."

Na Kiden alieleza tena. Usiku alijilaumu: mtoto mwenye mama yake karibu hawezi kusahau kitu kidogo hivyo. Kichwa cha mtoto kinakosa utulivu, na aliyekiondolea utulivu ni yeye, na kiwanja chake.

Basi siku moja mchana Eseza akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevaa nguo mpya.

"Mama Flavia! Masista wamemkubali. Ile shule ya bweni niliyokuambia, ya upande wa Masaka. Muhula ujao anaingia, lakini wanataka jibu leo leo, kuna watoto wengine wanangojea nafasi."

Kiden alikaa juu ya boksi la karatasi. "Huko wanaruhusu simu, dada?"

"Simu ya nini? Huko ni kusoma na kusali."

"Basi bado. Hesabu yake ni mbovu. Ataenda kuaibika."

"Hesabu gani mbovu?"

"Mabano hajui. Kila siku namfundisha, kila siku anasahau."

"Mimi mabano siyajui," Eseza alisema. "Ninachojua, watoto wa majirani wanajaa barazani kwangu Jumamosi wakifundishwa hesabu na yeye. Hata nafasi ya kuanika muhogo sina."

Kiden hakuamini. Alimjua Eseza, angeweza kumsifu hata mbuzi wake kuwa anaimba kwaya. Akasema atajibu jioni. Lakini alipoweka simu chini alijichunguza na kukuta kitu kilichomtia haya: alikuwa na furaha. Yale mabano yaliyomtesa yalikuwa yamempa sababu. Mtoto haendi, hesabu yake bado, na kesho mstari wa kijani utakuja kama kawaida. Mama gani anayefurahia upungufu wa mwanawe? Alijiuliza hivyo, na bado furaha haikuondoka.

Saa ya ukutani ilipofika kumi na nusu, Flavia akaingia. Alipanga milinganyo ya nyumbani, mmoja kila mstari, akaanza safu ya D. Kiden alikuwa anakunja mikono ya blauzi tayari kwa kazi wakati jedwali lilipoganda. Alama ya mtandao juu ya simu ilikuwa imetoweka.

"Norman! Network iko kwako?"

"Kalas, imekufa," Norman alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Mimi iko nangoja tu."

Kiden alitoka nje. Alisimama kwenye jua, akainua simu juu, akaishusha, akaizima na kuiwasha. Alikuja mteja wa kutaka kitambulisho chake kitiwe plastiki. Alimhudumia vibaya, plastiki ikapinda, ikabidi arudie. Muda wote alikuwa anamwona Flavia amekaa peke yake mbele ya hesabu zake zilizoharibika, akidhani mama ameondoka bila kuaga. Kwa mara nyingine.

Mtandao uliporudi, aliketi na kufungua jedwali haraka.

Lilikuwa limekamilika. Mistari yote, kuanzia wa pili hadi wa mwisho. Alikigusa kisanduku cha D2: =(C2-B2)/A2. Akagusa cha D3, na cha nne, na cha tano. Mabano yalikuwa yamekaa mahali pake, yote, na kwenye safu ya E kila namba ilikuwa imerudi kama ilivyotakiwa. Kiden akacheka kwa sauti. Alikuwa anatafuta maneno ya kumpongeza mtoto wakati mstari wa kijani ulipoanza kutembea.

Ulipanda juu hadi D2. Fomula ikafunguka, mabano yakatoweka. Nne ikawa kumi na sita na vipande vyake. Kumi na tisa ikawa hamsini na saba. Mstari ukashuka D3, ukafanya vilevile. Ukashuka tena. Kisanduku kwa kisanduku, bila haraka, kwa mkono wa mtu aliyeizoea kazi hiyo, mtoto aliharibu hesabu zake nzuri zote mbele ya macho ya mama yake. Kisha pembeni yakatokea maneno:

"Mama umerudi! Nimekosea tena. Eleza."

Kiden alifunika mdomo kwa kiganja. Norman, aliyekuwa amekuja kuuliza kama mtandao umerudi, alisimama mlangoni.

"Mama Flavia, unalia?"

"Vumbi, Norman. Niache kidogo."

Norman aliangalia nje, ambako hakukuwa na upepo wowote, akaondoka bila utani. Kiden alibaki na simu mkononi. Miezi yote ile alikuwa akidhani mtoto hana la kumwambia. Kumbe alikuwa akilisema kila siku saa kumi na nusu, kwa njia pekee aliyoipata, na mama mtu akajibu kwa habari za viatu na soksi. Alimtamani mwanawe wakati ule hadi mikono ikamuuma. Alitaka kukishika kichwa chake, kukinusa, kumsuka nywele ovyo kama zamani na kuambiwa anavuta sana.

Alieleza. Alieleza kuliko alivyowahi kueleza, kwa nini saba inaondoka kwanza, kwa nini tatu inangoja, na mtoto akaandika "ndiyo" na "halafu?" kila alipoonekana kukaribia mwisho. Lakini mwisho ulifika, na Kiden aliujua. Mtoto anayejiharibia kazi ili mama asiondoke ataiharibu hii leo, na kesho ataharibu nyingine iliyo kubwa zaidi. Akaandika:

"Masista wamekukubali. Mwambie Mama Eseza nimesema ndiyo."

Mstari wa kijani ulisimama. Ulikaa hivyo mpaka Kiden akadhani mtandao umekufa tena.

"Huko hakuna simu," Flavia aliandika.

"Najua."

"Nani atanieleza mabano?"

Kiden aliandika jibu, akalifuta, akaliandika tena.

"Unayajua, Flavia. Nimeona."

Kisha mstari wa kijani ukapanda D2 na mabano yakarudi. D3. D4. Yalirudi upesi, upesi kuliko macho ya Kiden. Alipofika chini Flavia hakuacha; alianza milinganyo mingine ambayo mama yake hakuwahi kumfundisha, yenye x pande zote mbili, 5x + 2 = 2x + 14, akafungua safu nyingine, akaandika fomula zenye mabano jozi mbili, =(D12-B12)/(A12-C12), na jibu likatoka 4. Akaandika nyingine. Na nyingine, mpaka ukurasa ukajaa.

"Nimemaliza, mama," aliandika. "Nisahihishie."

Kiden aliipitia milinganyo mmoja mmoja kutoka juu hadi chini, akitafuta kosa. Akarudi juu, akaipitia tena. Hakukuwa na hata moja.