Muhuri wa Mama Mtaro

Fundi cherehani huyu hakuutaka uongozi. Alichotaka ni mtaro uzibuliwe. Ulipita mbele ya kibaraza chake, umejaa tope jeusi na mifuko ya plastiki, na kila mvua iliponyesha maji machafu yaliingia mpaka chini ya cherehani, akawa anashona miguu ameipandisha juu ya tofali. Alilalamika kwa kila aliyeleta suruali kupunguzwa. Mwishowe majirani wakaona mwenye kelele ndiye wa kutumwa, wakamwambia agombee uenyekiti wa mtaa. Aliyekuwa anakishikilia kiti hicho alikuwa mzee wa kusinzia vikaoni. Fundi akamshinda kwa kura kumi na moja.

Akakabidhiwa daftari la wakazi, muhuri wa mpira na pedi ya wino wa zambarau. Basi. Akavitia kwenye droo ya cherehani, pamoja na zipu na vifungo.

Katika miaka miwili alikwenda manispaa mara saba. Mhandisi alikuwa kijana wa shati lililonyooka, mwenye adabu zake. Alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akamweleza kwamba mtaro wa mama umo kwenye mpango ila kuna utaratibu. Fundi alipouliza utaratibu huo huchukua muda gani, akaambiwa swali hilo nalo lina utaratibu wake. Karani akamgongea nakala ya barua: IMEPOKELEWA. Nakala za namna hiyo alikuwa nazo saba.

Mtaani wakaanza kumwita Mama Mtaro, kwanza pembeni, halafu mbele ya macho yake. Siku tarishi mstaafu alipoteleza kwenye ubao wa kuvukia mtaro akavunjika nyonga, mkewe alikuja kusimama kibarazani kwa fundi. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba yule mzee wa kusinzia angalau hakuwaahidi kitu.

Neno hilo lilimkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki. Na lilikuwa bado liko hapo, Jumatatu ya wiki iliyofuata, alipokuja binti wa wifi yake.

Wifi mwenyewe alikuwa dada wa marehemu mume wa fundi. Miaka tisa nyuma, kaburi halijakauka, alikuja na kufuli mkononi akamtoa fundi kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga pamoja na mumewe. Alisema ni nyumba ya ukoo, na mke asiyezaa ni mpangaji. Kitanda na cherehani vililala nje, vikanyeshewa. Fundi akapanga chumba mtaa huohuo, na tangu hapo wawili hao walipishana njiani kama watu wasiojuana. Wifi hakumtaja jina wala cheo. Alimwita "yule".

Binti hakuwa na kosa lolote. Wakati wa kufuli alikuwa mtoto wa darasa la tano. Alimwamkia fundi kwa heshima, akamwita mkaza mjomba, akaeleza kwamba amechaguliwa kusomea uuguzi na anahitaji barua ya mwenyekiti kuthibitisha anapoishi. Nafasi ingefungwa Ijumaa saa sita mchana.

Kuandika barua ile ni kazi ya dakika tano. Fundi alikwisha kuwaandikia watu mia na zaidi, tena huku sindano ikiwa mdomoni. Akavuta droo, akauona muhuri, akairudisha.

"Wino umekauka," alisema. "Njoo kesho."

Kesho yake akamwambia kwamba mkazi anayetambulika kwenye daftari ni mzazi, kwa hiyo mzazi aje mwenyewe. Jumatano wifi akaja. Alisimama mlangoni, kanga ameikunja mkononi, na fundi akaendelea kutia zipu kwenye sketi ya shule. Zipu ile aliitia, akaifumua, akaitia tena. Mwanamke aliyemfungia nyumba alikuwa kizingitini pake akimngoja, na fundi alihisi joto fulani kifuani ambalo mhandisi na nakala zake saba hawakuwahi kumpa.

"Mwanao nitamsaidia," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Lakini kuna utaratibu."

Wifi akasema, taratibu kabisa, "Mtoto hakukufanyia kitu. Kama ni mimi, nipo. Niadhibu mimi."

Fundi akamjibu kwamba hapa hakuna adhabu, hapa ni ofisi. Alhamisi binti akaambiwa asubiri kamati, ingawa kamati ilikuwa haijakaa tangu mwaka jana.

Tuseme kweli: hakukusudia kumnyima. Alitaka mama mtu aonje tu, alale siku nne akijua kwamba ufunguo uko kwa mwingine. Ijumaa saa mbili asubuhi binti alipofika, barua ilikuwa tayari, imeandikwa vizuri, imegongwa muhuri mara mbili kwa uhakika. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka mbio. Fundi akamcheka kidogo. Saa sita bado mbali, mbio za nini?

Jumamosi ndipo aliposikia. Alidhani barua inapelekwa ofisi ya elimu, mwendo wa nusu saa. Kumbe ilitakiwa chuoni, mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Binti alifika saa saba na robo akakuta dirisha limefungwa. Fundi hakuwahi kumuuliza barua inakwenda wapi.

Jumatatu alifunga cherehani akapanda basi, bila kumuaga mtu. Chuoni alimkuta msajili, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akampa barua aliyoiandika usiku kucha ikieleza kwamba kosa ni la ofisi yake na si la mwanafunzi. Muhuri wa zambarau ulikuwa chini ya sahihi. Msajili aliisoma yote. Akaikunja, akamrudishia.

"Nafasi nimempa aliyefuata," alisema. "Naye ni mtoto wa mtu. Na muhuri wako, mama, unaishia mtaani kwako."

Fundi akarudi. Hakumwambia wifi kwamba alikwenda. Angemwambia nini, kwamba alikwenda kuomba baada ya kunyima?

Habari haikuhitaji mpeleka. Mtaa mzima ukajua kwamba mwenyekiti alimzungusha binti wa wifi yake siku nne mpaka akakosa chuo. Fundi alijiandaa kutukanwa. Badala yake watu wakaanza kumwahi kwa salamu. Seremala alikuja kumtengenezea mlango bila kuitwa. Wenye shida ya barua wakaja siku kumi kabla, wengine na maziwa au kilo ya sukari, na alipokataa wakaviacha kibarazani wakidhani vimekuwa vichache. Hata mke wa tarishi alimpisha kwenye ubao. Jina la Mama Mtaro halikusikika tena, na mtaro ulinuka vilevile.

Uchaguzi ulipokuja, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea kwenye uwanja wa shule. Foleni ya fundi ilizunguka goli. Mpinzani wake alipata watu tisa, watano kati yao wakiwa ndugu zake.

Watu walipotawanyika, wifi alibaki. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya fundi tangu asubuhi, na vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Amekonda. Fundi akamuuliza habari za binti, akajibiwa kwamba hajambo, amepata kibarua cha kufua mashuka nyumba ya wageni.

"Wifi," fundi alianza, akilitamka neno hilo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Nimekupa kura, mheshimiwa," wifi alisema, macho chini. "Nakuomba uandike kwenye daftari kwamba nilikuja."

Wifi alisimama palepale, mikono ameifumbata mbele, akingoja aruhusiwe kuondoka.