Vifuko Vinane

Komeo la mlango lililia gizani, kriii, na fundi cherehani akajua mumewe amerudi siku mbili mapema kuliko alivyotarajiwa. Vifuko vyote vinane vilikuwa wazi kitandani.

Alivishona kwa mabaki ya vitambaa vya kiwandani. Tangu aanze masomo ya jioni, kila neno la Kiingereza alilofundishwa alilitarizi kwenye kitambaa chembamba, akakitia kwenye kifuko cha maneno ya aina yake: nomino kwa uzi mwekundu, vitenzi mweusi, vivumishi wa manjano, hadi aina nane zikatimia. Madaftari mumewe alishayachana mara mbili. Ndiyo maana vifuko vililala chini ya godoro, vikitoka tu lori lake likiwa safarini.

Asubuhi hiyo, saa mbili, kulikuwa na mtihani. Oda za kiwanda zilikuja kwa Kiingereza, na atakayefaulu angekuwa msimamizi wa zamu. Basi alidamka kujipima na bintiye wa miaka mitano, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, waliyasoma maneno kwa ncha za vidole.

"'Hungry' akae wapi, kipenzi?"

"Kwa vivumishi. Na mimi nitie humohumo, mama, tumbo linanguruma."

Kicheko hakikuwa kimeisha komeo lilipolia.

Tochi ya simu iliwamulika usoni, kisha ikashuka kitandani. Dereva aliinama. Aliokota kifuko kwa kucha mbili, kama mtu anayeshika panya mfu.

"Kumbe," alisema taratibu. "Mgongo unaniuma miezi sita. Lori linanifia kila safari. Kumbe mchawi nalala naye kitanda kimoja!"

"Uchawi gani tena, baba watoto? Ni masomo hayo."

"Yepi? Yale niliyoyakataza?"

Kofi la kwanza lilimgongesha ukutani. La pili lilikuwa ngumi. Alisikia jino likilegea na chumvi ya damu ikimjaa mdomoni. "Chini ya meza!" alimwambia mtoto, na mtoto akatambaa. Mwanamume alimkamata mkewe nywele, akamburuta hadi jikoni huku mkono wa pili umekumbatia vifuko, viatu vyake vizito vikipiga sakafu.

"Nani alikutengenezea? Sema! Huyo mwalimu wako?"

"Nimeshona mwenyewe!"

Teke la mbavu likamkata pumzi. Aliupapasa ukuta, akaipata pasi, akaibamiza kwenye muundi wa mumewe kwa nguvu zake zote. Mume aliunguruma, akayumba, akampora ile pasi na kuitupa dirishani. Kioo kikamwagika. Kisha akawasha jiko la gesi, akaanza kuvichoma vifuko. Nomino zikaenda. Vitenzi vikaenda. Nyuzi zilinuka kama nywele zinazoungua.

Mkewe alipomwona anakishika kile cha uzi wa buluu, cha vihusishi, alisahau maumivu. Wiki tatu zile 'under' na 'between' zilimtoa machozi, akizichanganya na vielezi, hadi juzi tu zilipomkaa kichwani. Aliuingiza mkono motoni, akakinyakua, akaanguka nacho. Kiatu kikashuka juu ya vidole vyake. Mara moja. Mara ya pili mfupa uliita, ta! Ukelele wake ukaamsha vyumba vyote vya ua.

Mlango ukagongwa. "Kuna nini humo?" Ilikuwa sauti ya mama mwenye nyumba, na nyuma yake minong'ono ya majirani na taa ya kandili.

Mumewe alijifuta jasho, akamnyanyua mkewe kwa makwapa, akamsimamisha kando yake kama gunia, ndipo akafungua.

"Ameanguka, mama. Giza hili, si unaona mwenyewe."

"Ameanguka tena?"

"Ndio hivyo. Miguu yake mizito."

Jirani mmoja alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kurudi kulala. Na kweli, mara mbili zilizopita fundi mwenyewe alikubali: nimeanguka, mama, asante, nendeni mkapumzike. Wakaenda, mlango ukafungwa, akashinda ndani siku nzima.

"Eti, mwanangu?" mama mwenye nyumba aliinua kandili. "Umeanguka?"

Alijaribu kufumbua kinywa. Taya lilikuwa limeshavimba na kukaza, damu tu ilimtiririka kidevuni. Vidole vya mumewe vilimminya shingo kwa nyuma, pole pole. Mkono wa kulia ulining'inia. Wa kushoto ungeshika kalamu ya mtihani, hata kwa kukorogakoroga, mradi atoke nje ya mlango ule. Alitikisa kichwa kuwakatalia, mumewe akakikandamiza kifuani pake, akasema, "Kizunguzungu hicho. Nitampeleka zahanati mwenyewe."

Majirani wakaanza kugeuka.

Mtoto alitoka chini ya meza, akapita katikati ya vioo vilivyovunjika, akasimama kwenye mwanga wa kandili, akamtazama mama mwenye nyumba usoni.

"Baba amemkanyaga mama mkono."