Mmekula?

Gitaa lilikuwa linamalizia noti ya mwisho mlango ulipofunguliwa, na sauti ya Mama Mkubwa ikaingia bila hodi: "Nyie watoto, mmekula?"

Ikanaswa yote kwenye mkanda wa kurekodia. Tulikuwa tumeziba madirisha ya chumba chake cha ushonaji kwa magodoro na kumsihi asimamishe cherehani yake, lakini nani angemfunga mdomo mwenye nyumba? Mpiga ngoma alicheka hadi vijiti vikamponyoka. Kimya, mpiga gitaa wetu, hakucheka. Mama Mkubwa ndiye aliyemlea tangu mdogo wake, mama mzazi wa Kimya, alipofariki, na Kimya alikionea haya kile chumba cha ushonaji kama mtu aliyevua kiatu ugenini, soksi imetoboka.

Tulirudia wimbo mpaka sauti ikanikauka. Wapi! Utamu ulikuwa umebaki kwenye ule wa kwanza. Tukaupeleka vilevile kwa mkurugenzi wa kampuni kubwa ya muziki.

Alisikiliza amefumba macho. "Mzuri," akasema. "Nitautoa. Ila huyo bibi mkateni."

Jamani, nilitaka kuruka! Tulikuwa tumeusotea mlango ule miaka, na Kimya alikuwa akiuota tangu utotoni.

"Si bibi," Kimya akasema polepole. "Ni mama yangu."

"Haya, mama yako. Mkateni."

"Akitoka yeye, na mimi natoka."

Akabeba mkanda wake, akatoka kweli.

Nje, mpiga ngoma akamvaa. "Kaka, siku zote bubu, leo ndiyo umepata mdomo? Sasa nani atautoa?"

"Sisi."

Basi tukautoa sisi. Mama Mkubwa alishona majalada ya santuri kwa mabaki ya vitambaa, akinung'unika kwamba muziki wetu hauna pindo. Lebo yetu ya muziki tukaiita Mmekula. Watu walicheka, kisha wakanunua. Bendi zilizokataliwa kama sisi zikaanza kubisha hodi, na haukupita muda mrefu kampuni kubwa nazo zikawa zinatuiga, zikirekodi vyumbani, milango wazi.

Mama Mkubwa tulimzika mwaka jana. Tangu siku hiyo Kimya hakukanyaga chumba kile, nami sikumlaumu. Hata mimi cherehani ile ilikuwa ikiniliza.

Jana mabinti fulani walikuwa wanarekodi mle chumbani wimbo wao wa kwanza. Noti ya mwisho ikiwa bado inaning'inia, mlango ukafunguliwa. Kimya, kichwa kizima mvi, akachungulia.

"Nyie watoto," akasema, "mmekula?"

Mkanda ulikuwa bado unazunguka. Sikuuzima.