Mmbeya Asiye na Uso

Bi Mkasi alikuwa na futi shingoni na pini mdomoni simu yake ilipompongeza. Alikuwa akimpima kiuno mteja mmoja mnene, aliyevuta pumzi na kuishikilia ili namba ipungue, simu ikalia juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kioo kikajaa baluni za rangi rangi zinazopaa. "Hongera!" iliandika. "Tumegundua uhusiano mpya katika familia yako." Chini ya baluni kulikuwa na sura mbili: ya binti yake mkubwa, na ya Kitinda, kijana wake wa mwisho. Na chini ya sura hizo: "Mama na mwana. Thibitisha?"

Nusura ameze pini.

"Kuna msiba?" mteja akauliza.

"Hakuna. Matangazo tu hayo." Akailaza simu kifudifudi. "Na wewe pumua, mama. Gauni halishonwi kwa pumzi ya kuazima."

Watu hawakumwita Bi Mkasi kwa sababu ya kazi yake. Mafundi cherehani mtaani walikuwa wengi, na wote walikuwa na mikasi. Waliuogopa ulimi wake, uliokuwa ukikata bila kuchagua kitambaa. Lakini siku ile, baada ya mteja kuondoka, ulimi wenyewe uligoma. Alikaa mbele ya cherehani akaitazama simu kama mtu aliyetukanwa mbele za watu na hajui aanzie wapi kujibu.

Maana ile mashine, laana iishukie, ilikuwa imesema kweli. Kitinda hakuwa mwanawe wa kumzaa. Alizaliwa na binti yake mkubwa, aliyepata mimba akiwa bado anavaa sare ya shule, kwa mwanamume aliyetoweka kabla tumbo halijaonekana. Bi Mkasi na mumewe walijifungia chumbani wakaamua. Binti akapelekwa kwa shangazi yake mji mwingine, "akasomee huko". Na Bi Mkasi akashona mimba.

Aliishona kweli, kwa mkono wake. Ulikuwa mto wa sponji wenye mikanda ya kufungia mgongoni, na kila baada ya muda aliufumua akauongeza ujazo. Alijifunza kutembea ameshika kiuno. Alilalamikia harufu ya vitunguu mpaka mumewe akaanza kuamini. Mawifi walikuja kumsaidia kufua, wakamwambia safari hii atazaa dume kwa jinsi tumbo lilivyochongoka, naye akawaitikia huku sponji ikimchoma joto.

Wako waliohisi, mtaa si kipofu. Jirani yake wa ukuta mmoja alimkumbatia siku moja, mkono ukagusa pale ambapo tumbo la binadamu haliwi laini namna ile. Akamtazama usoni, akasema, "Mungu akufungue salama." Hakulitaja tena neno hilo mpaka anaingia kaburini. Hiyo ndiyo stara. Mtu anajua, na anajua kwamba unajua kuwa anajua, na bado anakusitiri, kwa sababu kesho atahitaji naye kusitiriwa.

Sasa linganisha na hawa wa Kampuni, wenye ile mashine ya simuni. Jirani yule alikuwa na sababu ya kusema, alikuwa na mdomo, na alikuwa na nyuma ya nyumba pa kusemea. Akanyamaza. Hawa hawakumjua Bi Mkasi wala binti yake, hawakuwahi kuleta hata kijiko cha sukari katika nyumba ile, na wametangaza. Tena kwa baluni!

Na aliyewafungulia mlango alikuwa mkwe, mume wa binti mkubwa. Mkwe hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa habari yote kabla ya ndoa, akaipokea kiutu uzima na kunyamaza. Kasoro yake ni kwamba aliuza simu, na aliamini kila kilichoandikwa kwenye boksi la simu. Kisomo cha kumkumbuka marehemu mzee, mume wa Bi Mkasi, kilipokaribia, alikuja na wazo: picha zote za zamani zipigwe upya kwa simu, ziwekwe kwenye albamu moja ya familia, kila mtu azione popote alipo. "Bure kabisa, Mama," alisema. Cha bure! Hakuna aliyemuuliza huyo mwenye kutoa bure anakula nini.

Kwa hiyo Bi Mkasi mwenyewe, kwa kidole chake, alifanya kazi ya adui. Alifuta vumbi kila picha kwa kitambaa, akaipiga, na mashine ikamuuliza kwa adabu: "Huyu ni nani?" Naye akaijibu kama anavyojibiwa mgeni aliyekuja kutoa pole. Huyu ni mume wangu. Huyu ni binti yangu mkubwa, hapa ana meno mawili tu. Huyu ni Kitinda wetu. Alijiona salama, kwa sababu picha zote za mwaka ule wa mto wa sponji alikwisha kuzikata vipande vipande zamani. Hakujua kwamba mashine haina haja na tumbo. Ilikuwa inapima kidevu, pua, na nafasi kati ya jicho na jicho.

Alimpigia binti yake.

"Umeiona, Mama?" binti aliuliza kabla ya salamu, na sauti yake ilikuwa imekwisha kulia.

"Nimeiona. Imekwenda kwa nani na nani?"

"Mume wangu anasema kwa kila aliyemo kwenye albamu."

"Na Kitinda yumo."

"Yumo, Mama. Tulimwingiza wenyewe."

Tangu siku ile ya chumbani walikuwa na ahadi moja: Kitinda ataambiwa na wao wenyewe, mama na binti wamekaa naye pamoja, atakapokuwa mtu mzima wa kulibeba neno hilo. Wakaahirisha mpaka amalize mtihani. Kisha mzee akafa, na nani anamwongezea yatima msiba? Kisha akaenda chuo, na wakasema mwacheni kwanza azoee. Sasa alikuwa anarudi mwisho wa wiki, na jambo walilomtunzia miaka yote huenda alikwisha kuletewa na baluni akiwa kwenye foleni ya chakula.

"Labda hajaiona," binti akasema.

"Kijana wa chuo hajaiona simu yake? Hata akilala ameishika. Usinichekeshe na mimi sitaki kucheka."

Bi Mkasi alibonyeza pale palipoandikwa "Si sahihi". Mashine ikafurahi. "Asante! Tusaidie kujifunza. Basi mama yake ni nani?" Akaitupa juu ya rundo la vitambaa. Alitambua hila yake: ukikubali umeipa habari, na ukikataa umeipa zaidi.

Asubuhi alifunga duka akaenda mjini. Ofisi ya Kampuni ilikuwa jengo la vioo lenye ubaridi wa kuhifadhia nyama, na ukutani waliandika kwa herufi kubwa kuliko mlango: FARAGHA YAKO NI MOYO WETU. Bi Mkasi aliyasoma akasonya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale mlangoni kulikuwa na kisanduku cha kioo kilichomtaka asogeze uso apigwe picha ndipo apate kadi ya mgeni. Amekuja kushtaki kuhusu uso, naye anadaiwa uso! Alijifunika mtandio mpaka kwenye nyusi akasukuma mlango nyuma ya mtu aliyekuwa akitoka.

Alipokelewa na kijana mwenye fulana iliyoandikwa kifuani "Niulize Mimi".

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja mfute maneno mliyoyasema juu ya mwanangu." Akamwonyesha simu.

Niulize Mimi alizitazama zile sura mbili, akatabasamu kama aliyeona picha za harusi. "Ah, hatujasema sisi, mama. Mfumo umependekeza. Ni pendekezo tu."

"Mtu akigonga mlango wako akakuambia, napendekeza baba yako si baba yako, utamvutia kiti?"

"Mama, nakuelewa. Lakini hata sisi hatuoni sura za watu. Sura inageuzwa kuwa namba, basi."

"Mimi nina namba za viuno vya nusu ya wanawake wa mji huu. Umewahi kusikia nimemtangaza mmoja?"

Kijana alikohoa, akakimbilia kompyuta. Aliichezea kidogo, akapata alichokuwa akikitafuta, na sauti yake ikarudi. "Hapa inaonyesha ulibonyeza Nakubali."

"Nilikubali kuweka picha za marehemu mume wangu."

"Pamoja na masharti yake, mama."

"Wewe uliyasoma?"

"Ni... marefu kidogo."

"Haya. Ifute hiyo albamu."

"Unaweza kuifuta mwenyewe, mama. Ukifuta, picha zitaondoka kwako."

"Na kwenu?"

"Kwetu zitabaki kwa muda, kwa ajili ya kuboresha huduma."

"Muda gani?"

"Muda unaofaa."

Bi Mkasi alimtazama yule kijana. Alikuwa na umri wa Kitinda, na pindo la suruali yake lilikuwa limefumuka. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba pale hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Wenye kosa walikuwa mbali, hawana mlango wala jina, na huyu walimweka hapa ili awe ukuta wa kupigia kelele. Aliinuka. Kijana akamgeuzia kibao chenye vikatuni vya nyuso, kimoja kinacheka, kingine kimenuna. "Tafadhali, mama, tupe maoni. Umeridhika na huduma?"

"Mungu akusamehe, mwanangu, maana naona hujui unachokula," alisema, akatoka bila kugusa kitu.

Jumamosi binti alifika mapema. Wakakaa sebuleni mbele ya chakula kilichofunikwa, wakigawana maneno: wewe utaanza hivi, mimi nitaingia pale. Kitinda aliingia na begi mgongoni, akawaamkia, akaangalia macho ya dada yake yaliyovimba, kisha sahani ambazo hazijaguswa.

"Kaa, mwanangu," Bi Mkasi alisema. "Tuna neno."

"Ni zile baluni?"

Yale maneno yaliyogawanywa yakapotea yote.

"Ilianza kuniuliza mimi," Kitinda alisema akivua begi. "Tangu zile picha za Baba. Nikabonyeza hapana. Baada ya siku kadhaa ikarudi, kwa maneno matamu zaidi. Nikabonyeza hapana. Ilipoona sijibu tena ndipo ikaja kuwauliza ninyi."

Hata mmbeya wa mtaani, yule asiyelala bila kuchongea mtu, mwenye habari akimwambia usoni "si kweli", huona haya angalau mpaka jioni. Hili dude limekanushwa na kijana wa watu, likamzunguka, likaenda kubisha kwa ndugu zake. Bi Mkasi alikidharau kitu hicho na waliokitengeneza, na mishahara yao, na vioo vyao, kwa dharau ambayo hata yeye, pamoja na ulimi wake, hakuwa na tusi la kuitosha.

"Ulikataa kwa kuwa hukuamini?" dada yake aliuliza taratibu.

"Niliamini. Nilisimama mbele ya kioo cha bweni na picha yako mkononi. Kidevu ni hikihiki."

"Basi kwa nini uliikatalia?"

"Kwa sababu haikuwa kazi yake kuniambia." "Nilikuwa nawasubiri ninyi. Kila nikija likizo nasema, safari hii wataniambia. Naona mnanipakulia chakula, mnaniuliza masomo, naondoka."

Bi Mkasi alitaka kuitaja Kampuni. Alikuwa na maneno ya kuwatosha wote, kuanzia mwenye nayo mpaka mfagizi. Lakini alijua kwamba katika aibu iliyokuwamo chumbani mle, kipande kimoja hakikuwa cha Kampuni.

"Tulikuogopa," alisema.

"Mimi, Mama? Nguo zangu zote umenishonea wewe, halafu unaniogopa?"

Kitinda aliinuka, akazikusanya simu zao, ya kwake nayo, akaenda kuziacha dukani upande wa barabara. Aliporudi alifunga mlango, akaketi katikati yao.

"Haya. Nihadithieni. Anzeni mwanzo kabisa, kama mtu asiyejua kitu."

Bi Mkasi akafungua mdomo, kwa kuwa hadithi zote za nyumba ile zilitoka kwake. Kisha akaufumba, akamtazama binti yake.

Binti alifuta viganja kwenye gauni. "Ulizaliwa alfajiri," alisema. "Mama hakuwa amefika bado. Mkunga alikuweka kifuani kwangu hata hujaoshwa, tukakaa wawili peke yetu mpaka jua likatoka. Nilikupa jina. Si hilo lililoandikwa shuleni, wala si Kitinda. Sijamwambia mtu mpaka leo. Hata Mama halijui."

"Ni lipi?"

Akamsogelea, akamwinamisha kichwa kwa mkono, akamwambia sikioni. Bi Mkasi alikuwa amekaa karibu nao kabisa. Alitamani kulisikia jina lile kuliko kitu chochote duniani, akageuza uso akatazama dirishani.