Posa Iliyoliwa kwa Mkorea

"Msiba wa Namswea una kitunguu saumu?" Hilda alifoka, pua imegusa kabisa kitenge cha jirani yake kilichoanikwa kwenye uzio. "Jana uliniaga unakwenda kuzika. Mimi nimezika Namswea, mama Aurelia. Kule tunalishwa ugali na maharage. Hiki kimefukizwa nyama!"

"Toa pua yako kwenye nguo zangu," Violet alijibu, akivuta kitenge upande wake. "Umekuwa mbwa wa polisi?"

"Ningekuwa mbwa wa polisi, saa hizi ungekuwa ndani."

Harufu ile Hilda aliijua. Mbinga nzima haitoki pengine ila kwa Mkorea, pale jirani na maghala ya kahawa, ambako nyama huchomwa mezani mbele ya mteja, katikati ya vibakuli vya kabichi chachu yenye pilipili na usipa, wale dagaa wa ziwani Lituhi, waliokaangwa na sukari. Usipa na sukari! Hilda ndiye aliyeitembeza habari hiyo, watu wakaacha shughuli zao kwenda kuhakikisha. Na yeye na Violet waliapa: siku wakienda kula, wataenda wote.

"Haya, jana nilikwenda," Violet akasema, sauti imeshuka. "Lakini si kwa kula tu. Washenga walikuja kutoka Lituhi. Kwa ajili ya Aurelia."

Hilda akashika uzio. Aurelia alizaliwa na Violet, lakini aliyempakata siku ya ubatizo ni Hilda. Tangu siku hiyo ilijulikana: washenga wakibisha hodi, mama wa ubatizo ndiye atakayewaitikia mlangoni. Gauni la kazi hiyo lilikwisha kushonwa, linangoja sandukuni.

"Posa mkaipeleka hotelini? Nyumba yako haina mlango?"

"Mlango wangu unatazamana na mdomo wako, dada. Washenga wale wa Tingi umewasahau? Hawajamaliza chai, soko zima limeshajua babu yao alifungwa kwa wizi wa mbuzi. Hawakurudi. Mwanangu alilia mpaka akakonda."

Habari ile ya mbuzi ilitoka kinywani mwa Hilda. Kisha likamjia jingine, baya kuliko hilo.

"Kwa Mkorea hakuna pazia. Nani aliwaona?"

Violet akaanza kukunja kitenge.

"Mama Aurelia. Nani aliwaona?"

"Watu. Emerensiana wa nyanya. Katekista. Fundi wako wa cherehani. Niliwaomba tu wasikwambie."

"Nao wakakubali?"

"Wakakubali."

Asubuhi ile ile Hilda alikuwa amepita sokoni akigawa habari za watu, na Emerensiana akamchagulia nyanya nzuri, akacheka naye, akamuaga. Hilda, anayejua mimba kabla ya mwenye mimba! Machozi yakamtoka bila kuombwa.

Aurelia akatokea barazani, akampigia Hilda goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Miaka yote Hilda huingia nyumba ile kwa mlango wa uani, bila hodi, akavuta kigoda jikoni na kufunua sufuria mwenyewe. Leo binti alishika pazia la mlango wa mbele, akalisogeza kwa adabu zote za kumpokea mgeni, na kule ndani vikaonekana vitambaa vyeupe vya kwenye makochi.

"Tulikufungia chakula cha kwa Mkorea, mama. Karibu sebuleni, ule."